Stori ya Namungo isiishie kwenye 7-5

FEBRUARI 2021, Namungo FC ya Ruangwa ilipanda ndege kwenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, mechi ya kusaka tiketi ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi haikupigwa. Vipimo vya korona vilivyofanyika Angola vilionyesha baadhi ya watu kwenye msafara wana maambukizi, timu ikazuiwa, na mwishowe CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda 6-2, ikafungwa 3-1, ikafuzu kwa jumla ya mabao 7-5.

Kwa mashabiki wengi stori inaishia hapo. Matokeo yanakumbukwa, yaliyobaki yanafifia. Wachezaji waliambiana nini baada ya majibu ya vipimo kutoka? Nani alizungumza na familia Ruangwa? Timu ambayo Agosto 2020 ilikuwa Sumbawanga ikipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam 2-1 mbele ya Simba, ilijiandaaje kisaikolojia kuivaa klabu kubwa ya Angola baada ya misukosuko ile? Na hii si ishu ya mpira peke yake. Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za korona tangu 2020, halafu timu yake ikanaswa kwenye vipimo vya nchi nyingine.

Stori ya namna hiyo haienei kwenye aya tano za habari ya mechi. Inataka makala ndefu, mwandishi aliyekaa na watu, na msomaji mwenye subira.

Kurasa za michezo leo zimejaa tetesi za usajili, majibizano ya wasemaji wa klabu na ushauri wa mikeka. Si dhambi, wasomaji wanavitaka. Lakini tetesi ya leo kesho inafungia maandazi. Makala ya kweli iliyochimbwa vizuri inadumu, na ushahidi upo Kilwa kwenyewe.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Hakuishia kuandika kwamba mji ni mzuri na sultani ni mkarimu. Alisimulia kwamba Sultani al-Hassan bin Suleiman, akitoka kuswali Ijumaa, alisimamishwa na fukara kutoka Yemen aliyeomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa. Kisha Ibn Battuta akaongeza kwamba ndugu yake aliyemrithi alikuwa kinyume chake: mwombaji akija, anaambiwa mtoaji ameshakufa na hakuacha kitu. Hakuficha pia kwamba watumwa na pembe za ndovu vilikuwa miongoni mwa zawadi za yule mkarimu. Karibu miaka 700 baadaye, anayetaka kuijua Kilwa ya enzi hizo bado anaanzia kwake. Tukio dogo, mtu halisi, sifa na doa pamoja.

Kwenye mpira mfano upo pia. Ryszard Kapuściński, ripota wa Poland aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam mwaka 1962, aliandika kuhusu vita vya Honduras na El Salvador vya Julai 1969, vilivyozuka baada ya mechi zao za kufuzu Kombe la Dunia. Habari fupi ingesema mashabiki wamegombana. Makala ndefu inaonyesha kwamba chini ya mpira kulikuwa na ardhi, na wakulima wa El Salvador waliokuwa wakifukuzwa Honduras. Kapuściński amekosolewa kwa kuongeza chumvi kwenye baadhi ya kazi zake, kwa hiyo asomwe kwa macho mawili. Hilo nalo ni somo: stori tamu isiyo ya kweli ni tetesi iliyorefushwa tu.

Tanzania imeshaonja hasara ya kuchelewa. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars Afcon ya 1980 Lagos, linatajwa kila mara. Lakini bao ni sekunde chache. Safari ya kikosi kile, chini ya nahodha Leodegar Tenga, ni kitabu kizima, na kila mwaka wanaoweza kuisimulia kwa vinywa vyao wanapungua. Stars ilisubiri miaka 39 kurudi Afcon. Kumbukumbu haziwezi kusubiri hivyo.

Kwa Namungo bado mapema. Wachezaji wa 2021 wapo, viongozi wapo, madereva na watunza vifaa wapo. Waulizwe sasa, na wasiulizwe ushindi tu. Kwenye makundi timu ilikutana na Raja, Pyramids na Nkana, ikamaliza bila pointi hata moja. Hiyo pia ni stori, pengine ndiyo yenye faida zaidi kwa klabu ya mkoani itakayopata nafasi hiyo kesho.

Klabu zitunze picha, barua na orodha za vikosi badala ya kuziacha kwenye simu ya kiongozi anayeondoka nayo. Wahariri watoe kurasa na nauli ya kufika Ruangwa. Na shabiki wa Kilwa, Lindi au Nachingwea akikutana na makala ya kurasa mbili, aisome hadi mwisho, kisha ampe na jirani. Magazeti huandika kinachosomwa.