Mke Wako Hana Damu Mbovu

  

Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia kijana mmoja akangoja barazani mpaka watu wakatawanyika. Mimi ndiye niliyemwozesha miaka minne iliyopita. Alikuwa na suali moja tu: je, ana dhambi akimwacha mkewe? Mke huyo ni mgonjwa, mimba mbili zimeharibika, na jamaa zake mume wamekwisha kata shauri kwamba binti wa watu ana damu mbovu. "Sheikh," akaniambia, "mama anasema nilioa mke, sikuoa maradhi."

Sikumjibu papo hapo, kwani mimi pia nina fungu langu katika habari hii. Mwaka jana binti huyo aliletwa kwangu kusomewa. Alikuwa amechoka hata kuinua ndoo ya maji ni kazi. Viungo vya vidole vilimuuma kila alfajiri, nywele zilimtoka kwa mafungu, na mashavuni alikuwa na wekundu uliovuka pua mithili ya kipepeo aliyekunjua mbawa. Mama mkwe alisema ni jini. Shangazi akasema ni husuda. Nilimsomea, nikamwandikia kombe kwa zafarani, tukarudia juma baada ya juma kwa miezi mitatu. Sikumuuliza hata mara moja kama ameonana na daktari. Miguu ilipovimba na mkojo ukawa na povu, nduguye alimchukua akampeleka hospitali. Vipimo vikaonyesha maradhi yaitwayo lupasi, na figo zilikuwa zimeanza kudhurika. Kisomo hakikumdhuru. Iliyomdhuru ni ile miezi mitatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza wenye elimu ya tiba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lupasi limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwamwitu, kwa kuwa waganga wa kale wa Ulaya waliona vidonda vya usoni vinafanana na alama za kuumwa na mnyama huyo. Lakini mnyama hayuko nje. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili kinga inayotambua wadudu wa maradhi na kuwaangamiza. Katika lupasi kinga hiyo hupotewa na utambuzi. Huziona seli za mwili wenyewe kuwa ni adui, ikatengeneza kingamwili za kuzishambulia. Ndiyo maana maradhi haya hayana makao mamoja. Leo yako katika ngozi, kesho katika viungo, kesho kutwa katika figo, moyo au ubongo. Mgonjwa hupata nafuu, kisha maradhi huripuka tena, na jirani aliyemwona jana akicheka husema leo anajifanya.

Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza sababu, na katika miaka hii ya karibuni majibu yameanza kupatikana.

Kila seli ya mwanamke ina kromosomu mbili za aina ya X; ya mwanamume ina moja ya X na moja ya Y. Ili mwanamke asipate maelekezo maradufu, X moja hunyamazishwa, na kazi hiyo hufanywa na kitu kiitwacho Xist, kinachojikusanyia protini nyingi na kuifunika kromosomu nzima. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba mkusanyiko huo wenyewe unaweza kuichokoza kinga. Waliwafanya panya madume wawe na Xist, na wale wa ukoo ulio mwepesi kushikwa, walipodungwa kitu cha kuamsha maradhi, waliugua karibu sawa na majike. Tena ilikwisha julikana kwamba wanaume wachache wanaozaliwa na X ya ziada hupatwa na lupasi mara nyingi zaidi kuliko wanaume wenzao. Basi ujue, ewe msomaji, kwamba wanawake hawakuzidiwa kwa sababu ya udhaifu wa imani wala wingi wa mawazo. Jambo hili limo katika maumbile.

Utafiti wa pili ulitangazwa mwaka 2022, chini ya uongozi wa Profesa Carola Vinuesa. Wataalamu walisoma jeni zote za msichana mmoja wa Uhispania aliyeugua lupasi kali tangu utotoni, wakakuta herufi moja tu imebadilika katika jeni iitwayo TLR7. Kazi ya jeni hiyo ni kuiamsha kinga pindi virusi vinapoingia. Kwa mabadiliko yale ikawa nyepesi kupita kiasi, mfano wa mlinzi wa usiku anayepiga mbiu kila anaposikia nyayo za watoto wa nyumba. Walipowapa panya badiliko lilo hilo, nao wakaugua. Na jeni hiyo imo katika kromosomu ya X.

Hapa nawaomba wakwe mnisikilize. Badiliko lile halikuwamo kwa baba wala kwa mama wa msichana. Lilizuka kwake yeye. Kisha wagonjwa wengi hawana kosa moja kubwa kama hilo, bali wana mchanganyiko wa jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Jeni peke yake haitoshi. Katika mapacha wa yai moja, walio sawa kwa jeni zao, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Lazima pawepo na kichocheo, kama vile jua kali, maambukizi, au homoni. Watoto walio wengi wa mama mwenye lupasi hawapatwi na lupasi. Wala haiambukizi, si kwa chakula, si kwa kitanda. Basi hiyo damu mbovu iko wapi?

Ama dawa, iliyo msingi ni haidroksiklorokwini, jamaa ya ile klorokwini tuliyomezeshwa utotoni kwa homa ya malaria, ikatuwasha mwili mzima. Imewafaa wagonjwa wa lupasi kwa miongo mingi kabla ya wataalamu kufahamu kwamba moja ya kazi zake ni kuituliza njia ile ile ya TLR7. Anayeitumia muda mrefu hupimwa macho. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya lupasi, belimumabu, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 50. Na katika mji wa Erlangen, Ujerumani, madaktari wakiongozwa na Profesa Georg Schett wamechukua seli za kinga za wagonjwa walioshindwa na dawa nyingine, wakazibadilisha jeni zake, wakazirudisha mwilini ziziangamize seli zinazotoa kingamwili za uharibifu. Mwaka 2024 walieleza habari za wagonjwa wanane wa lupasi waliotibiwa hivyo, na wote walikuwa wametulia bila dawa. Ni tiba ya gharama kubwa na ingali katika majaribio. Naitaja ili tujue kwamba mlango haukufungwa.

Mama zangu na dada zangu, mkiona kwa binti uchovu usioelezeka, maumivu na uvimbe wa viungo, vidonda vya kinywani visivyoisha, nywele kutoka, wekundu wa mashavu unaozidi kwa jua, au mkojo wa povu, mpelekeni hospitali apimwe damu na mkojo. Mgonjwa asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu, kwani nafuu ile imeletwa na dawa. Saumu ya Ramadhani aizungumze na daktari wake mapema; mgonjwa ana ruhusa, na kuitumia ruhusa ya Mola si upungufu. Na kuzaa kunawezekana. Wengi hujifungua salama ikiwa mimba imepangwa baada ya maradhi kutulia angalau miezi sita, na daktari akiwa amebadilisha zile dawa zinazomdhuru mtoto. Mwenye kuharibikiwa na mimba mara kwa mara apimwe pia kingamwili zinazogandisha damu, maana hizo zina matibabu yake.

Yule kijana nilimwita tena, na safari hii nilimtaka aje pamoja na mama yake. Niliwaeleza haya yote kama nilivyoyaeleza hapa, na nikaanza kwa kukiri kosa langu mbele yao. Nikamwambia kwamba Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, na kwamba aliyeoa ameoa mtu mzima pamoja na afya yake na ugonjwa wake, kama mke naye alivyoolewa na yeye bila ya kuwekewa dhamana ya mwili wake. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza siku ya kliniki ni lini, ili amsindikize mkwewe. Sikuongeza neno.

Mimi bado nawasomea wagonjwa wanaoletwa kwangu, na sitaacha. Lakini kabla ya kufungua msahafu huuliza kwanza: umeonana na daktari, na vipimo vimesema nini? Asiye na jibu humwombea dua fupi, kisha humwonyesha njia ya hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie huruma katika nyumba zetu. Amin. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.