Likizo Ndefu na Riwaya "Zisizoeleweka"

Kila likizo ndefu inapokaribia, sisi wahadhiri wa fasihi hutangaziana riwaya tutakazosoma. Na kila muhula unapofunguliwa, hurudi na hukumu ileile: riwaya za majaribio hazieleweki. Mimi nadai kwamba kasoro hiyo aghalabu ni ya msomaji.

Likizo iliyopita nilisoma tena, kwa mfuatano, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Katika Walenisi, Dzombo aliyehukumiwa kifo anafika katika sayari ngeni ambayo jina lake, likichambuliwa, ni "wale ni sisi". Katika Babu Alipofufuka, marehemu anarudi kumsaili mjukuu wake K, mwenye cheo na mali. Ni kipi hapo kisichoeleweka? Sisi tunaofundisha ngano, ambamo sungura hunena na wafu huwarudia walio hai, tuna haki gani ya kuyaita mambo hayo mageni yanapoingia katika riwaya?

Sikatai kwamba Mzingile ni ngumu. Ninalokataa ni kuufanya ugumu kuwa hoja ya kihakiki. Anayehukumu kazi ya namna hii kwa usomaji mmoja wa haraka hajahakiki, amelalamika tu. Likizo ijayo, basi, tufupishe orodha zetu na tusome upya. Wanafunzi wetu wa uzamili huzirithi hukumu zetu kabla hawajavifungua vitabu vyenyewe, na baadaye huzifundisha.