Subaru Haipandi Kitonga kwa Kelele

Na Mzee wa Uyole

Utunzaji wa gari la michezo lililozeeka una kanuni moja ambayo haijabadilika tangu magari ya aina hiyo yaanze kushushwa bandarini Dar es Salaam yakitokea Japani, nayo ni kwamba shilingi ya kwanza huenda kwenye oili, maji, mikanda na beringi, na shilingi ya mwisho, kama imebaki, ndiyo huenda kwenye sauti na sura. Mbeya na Iringa kanuni hiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu, kwa kuwa limezuka kundi la vijana wanaoongeza nguvu katika injini ambazo hazijafanyiwa hata matengenezo ya kuziwezesha kuhimili nguvu zilizotoka nazo kiwandani. Safu hii inatamka mapema, ili asiyependezwa ahamie ukurasa wa michezo, kwamba hayo hayastahili kuitwa mapenzi ya magari. Ni mapenzi ya kelele, na gari limegeuzwa tarumbeta yenye magurudumu.

Gari linalohusika kwa sehemu kubwa ni Subaru Impreza WRX, iliyozinduliwa Japani mwaka 1992 ikiwa na injini ya EJ20, yenye ujazo wa lita mbili na nguvu za farasi 240, inayosaidiwa na turbo, yaani kifaa chenye mapanga yanayozungushwa na moshi unaotoka ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Injini hiyo ni ya mtindo wa boksa, ambapo silinda nne zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, badala ya kusimama wima kama ilivyo katika magari mengi. Heshima ya gari hilo haikuokotwa: Colin McRae alitwaa nalo ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995 na kushinda nalo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, Richard Burns akashinda Safari hiyo mwaka 2000, na kabla ya wote hao Mkenya Patrick Njiru alikuwa amemaliza wa nne mwaka 1994 na kuwaonyesha Waafrika Mashariki kwamba Impreza inalimudu vumbi la nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, lakini Tanzania huliruhusu kwa kulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na ndiyo maana WRX za miaka ya 1990 bado zinapita Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya, na Kihesa mjini Iringa, zikiwa na umri mkubwa kuliko wa madereva wake.

Jumamosi iliyopita umri huo ulidai haki yake katika kona za Kitonga. Msafara wa magari manne ulikuwa umetoka Mbeya alfajiri, ukapita Makambako na Mafinga kwa mlio uliowaamsha hata wasiokuwa na sababu ya kuamka, ukafika Iringa, na baada ya chai ukaamua kuteremka hadi Ruaha Mbuyuni kwa kusudi ambalo hakuna aliyeweza kulieleza isipokuwa kwamba njiani kuna kona. Kuteremka kulikuwa rahisi, kama ilivyo desturi ya kuteremka; hesabu ilikuwa katika kurudi, kwa sababu Kitonga ni sehemu ya barabara kuu iendayo Zambia ambapo lami inaukwea ukuta wa milima ya Udzungwa kutoka bonde lenye joto la mibuyu hadi nyanda za Ilula, huku malori yakipanda kwa gia nzito na nafasi ya kupita ikiwa ya kuhesabika.

Gari la pili katika msafara huo, la bluu lenye rimu za rangi ya dhahabu na ekzosi pana kama sufuria ya msibani, lilijaribu kulipita lori la mafuta katika mwinuko, likatoa sauti ya chuma kugongana na chuma, kisha likazima katikati ya kona. Mafundi huita tukio hilo kunoki, yaani beringi za ndani ya injini kuharibika kiasi cha vyuma kugongana kwa kila mzunguko. Vijana walikata matawi ya miti wakayatandaza barabarani kama ishara ya hatari, jambo la busara na la pekee la aina hiyo walilofanya siku hiyo, kisha wakatoa simu na kujipiga picha wakiwa wameegemea boneti iliyokuwa ikifuka mvuke. Nyuma yao ilijengeka foleni ya malori na mabasi, na katika moja ya mabasi hayo alikuwamo mwandishi wa safu hii pamoja na jogoo wa zawadi ambaye, kwa upande wa hasira, alikuwa amemtangulia mwenye kumbeba. Lililoliondoa gari hilo la nguvu za farasi 240 ni Fuso kuukuu lililosheheni vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ambalo lililivuta kwa kamba, bila mlio wowote wa kutisha, hadi juu.

Uchunguzi uliofanywa baadaye katika gereji za Mafiat, jijini Mbeya, ulionyesha kwamba maafa hayo yalikuwa yametabiriwa siku moja kabla. Kijana mwenye gari alikuwa amefika kwa fundi mzee anayesikiliza injini kwa bisibisi iliyoegemezwa sikioni, akamwamkia kwa adabu na kusema, "Shikamoo fundi, naomba uniongezee upepo kidogo kwenye turbo, kesho tuna msafara." Fundi alisikiliza, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakirudisha, akajibu, "Marahaba mwanangu. Upepo Mbeya tunao mwingi. Wewe huna oili." Alimweleza kwamba beringi zimeanza kulalamika, kwamba mkanda wa taimingi hauna historia inayojulikana, na kwamba mfuniko wa rejeta umechoka. Kijana aliposema kwamba hayo yote atayafanya akirudi, mzee aliuliza, "Ukirudi na nini?" Swali hilo halikujibiwa. Upepo uliongezwa na fundi mwingine, jirani, mwenye kompyuta mpakato na umri mdogo, na fedha iliyobaki ikanunua stika.

Alichokisikia mzee kwa bisibisi kinaelezeka kwa ufundi usiohitaji miujiza. Krenki, yaani mhimili unaogeuza kwenda na kurudi kwa pistoni kuwa mzunguko wa magurudumu, haigusani na chuma kinachoishikilia, kwa sababu kati yao kuna beringi nyembamba na utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za mia za milimita. Injini ya boksa ni fupi kwa urefu, hivyo krenki yake ni fupi pia na beringi zake hazina upana mkubwa, na kwa sababu hiyo EJ20 haivumilii upungufu wa oili hata kwa sekunde chache za kona kali ambapo oili hukimbilia upande mmoja. Bomba la kufyonzea oili kutoka katika sampu, yaani beseni la chini ya injini, linajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake, na linapopasuka pampu hufyonza hewa. Mwenye gari mwenye akili hutazama hapo kabla ya turbo: hununua bomba imara, hukagua pampu ya oili, hufunga beringi mpya pale injini inapofunguliwa, na huweka geji inayoonyesha mgandamizo wa oili kwa namba, kwa kuwa taa nyekundu ya dashibodi kwa kawaida huwaka kuthibitisha msiba badala ya kuuzuia. Jumla ya vitu hivyo, ukiacha beringi zinazodai injini ifunguliwe, haimshindi mtu aliyekwisha kununua ekzosi ya fahari na spoila ya kuanikia nguo.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna sababu ya ziada ya kuwa na hofu, nayo ni kimo. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa zaidi ya mita 1,500, na katika vimo hivyo hewa ni nyepesi, kiasi kwamba turbo, ambayo hata pwani huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa mgandamizo uleule, na hewa inayoitoa huwa ya moto zaidi. Maji nayo, yakiwa wazi, huchemka Mbeya kwenye nyuzi takriban 94 badala ya 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta, ambao ukiwa mzima huyafungia maji chini ya mgandamizo na kukipandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 118 hivi. Mfuniko uliochoka huiondoa nafasi hiyo yote, na dereva anayepanda Kitonga nao hana tofauti na anayebeba sufuria isiyofunikwa. Bei ya mfuniko huo ni ndogo kuliko ya stika nzuri.

Hapa hapana budi kutaja dhambi ya kitaifa ya kutoa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto, kwenye nyuzi karibu 78 katika Subaru, ili kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta injini inapokuwa imepata moto wa kutosha. Mafundi wengi huitoa na kuitupa kwa maelezo kwamba nchi hii ni ya joto, maelezo ambayo yangeweza kusikilizwa Tanga, lakini yakitolewa Uyole, jijini Mbeya, mwezi Juni, wakati hata mbwa wanaota moto, huwa ni tusi kwa jiografia. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi, kompyuta yake huiongezea petroli kwa kudhani kwamba ndiyo kwanza imewashwa, petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda na kuiteremkia oili ya chini, na beringi zilezile zilizolalamika huoshwa kwa mchanganyiko usiofaa hata kwa jiko la mchina. Shemeji wa mwandishi wa safu hii, mkazi wa Kihesa, anayo thamostati ya gari lake sebuleni juu ya televisheni, na huionyesha kwa wageni kama risasi iliyotolewa mwilini.

Petroli inadai neno lake pia. WRX ya soko la Japani ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya nchini humo, yenye oktani inayokaribia 100, oktani ikiwa ni kipimo cha uwezo wa petroli kukataa kulipuka kabla ya wakati wake, na petroli ya kawaida ya vituo vya njia kuu hapa nchini haifiki kiwango hicho. Kuongeza upepo wa turbo juu ya petroli hafifu ni kualika mlipuko usio wa wakati, ambao hupasua kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni, huzungusha pia pampu ya maji; ukikatika, vali hukutana na pistoni na mazungumzo hukoma. Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa kilomita za magari ya mitumba zina tabia ya kurudi nyuma zikivuka bahari, mkanda wa gari lililonunuliwa leo ubadilishwe leo, pamoja na roli zake na pampu ya maji.

Sababu ya upotofu huu wa kutanguliza kelele na sura inajulikana, nayo ni kwamba beringi haipigwi picha. Kisingizio cha umaskini hakina uzito, kwa kuwa aliyekosa fedha ya beringi hangeipata ya rimu za dhahabu. Ujinga nao hautoshi kuwa sababu katika jiji la Mbeya lenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Mashindano ya magari yanapofanyika Iringa, vijana hujazana kando ya vumbi na kuondoka wakiwa wameiga mlio, bila kuona kwamba gari la mashindano lina geji za oili na joto, na timu inayolifungua na kulifunga upya kabla halijaomba.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa kwa kila mwenye Subaru kuukuu katika nyanda za juu ni huu, na unaweza kukatwa gazetini ukabandikwa gerejini: kwanza oili bora iliyofungwa kiwandani, isiyo ya kupimwa kutoka katika pipa, na kulenti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya bomba, pili mkanda wa taimingi, pampu ya maji, thamostati na mfuniko wa rejeta, tatu bomba la kufyonzea oili, geji ya mgandamizo na rejeta ya alumini badala ya ile yenye pande za plastiki zilizopauka, nne beringi na pistoni imara, injini inapofunguliwa, na upepo wa turbo uwe wa mwisho kabisa, baada ya fundi mzee wa bisibisi kutikisa kichwa kwa kukubali. Asiyeweza kusubiri hadi hatua hiyo aiuze WRX yake kwa anayeweza, aende Mwanjelwa akanunue spika kubwa, kwani spika hutoa kelele nyingi kwa bei nafuu na haijawahi kufunga barabara ya Kitonga.