Kibua: Kwaya ya shule ifundishe watoto kuimba, si kupiga kelele

Ukipita barabara ya Masisi-Walikale asubuhi ya siku ya masomo, utajua kuna shule mbele yako kabla hujaona paa lake. Watoto wamesimama kwenye bendera, wanaimba wimbo wa taifa. Wanaimba kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imesimama. Mwalimu anapita kati ya mistari na kusema: «Pandisheni sauti!» Sisi wakubwa tunafurahi, tunasema watoto wa hapa wana sauti.

Kwa maoni yangu, hapo tunakosea. Kibua na vijiji vya jirani vinahitaji kwaya katika kila shule ya msingi, na mtoto yeyote anayependa kuingia akubaliwe. Lakini kwaya hiyo ilinde sauti za watoto, isizimalize.

Najua jibu litakalotolewa kwanza. Shule zetu hazina madawati, walimu wengine hawalipwi, vita haijaisha, na wewe unatuletea habari ya kwaya? Ndiyo, tena kwa sababu ya vita hiyo. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010, vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua-Mpofi vilishambuliwa, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 300 waliobakwa kwa siku chache tu. Mwaka 2025, M23 waliingia Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu. Watoto wetu wamejua njia za porini kabla ya kujua kusoma. Na huko porini, neno la kwanza ambalo mama anamwambia mtoto ni: nyamaza, tusisikike.

Mtoto aliyezoea kunyamaza ili aishi anahitaji mahali ambapo anaambiwa: sasa unaweza kusikika, na wenzako wako pamoja nawe. Kwaya ni mahali hapo. Haiombi umeme wala vitabu. Mtoto aliyehama kutoka kijiji kingine, asiyejua mtu darasani, anapata wenzake siku ya kwanza kwa wimbo mmoja tu.

Wala si jambo geni katika nchi yetu. Huko Kamina, katika Katanga ya zamani, padri Guido Haazen alikusanya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wao. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba, misa iliyoimbwa kwa sauti na ngoma za kwetu. Mwaka huohuo walikwenda kuimba Ulaya, na dunia ikawasikia. Walikuwa watoto wa shule kama hawa wa Kibua.

Basi tatizo letu liko wapi? La kwanza ni mlango. Mara nyingi kiongozi anawapima watoto siku moja, anachukua wenye sauti kubwa, wengine anawaambia hawajui kuimba. Mtoto wa miaka 7 asiyeshika wimbo si kwamba hana sikio, bado anajifunza. Mweke kati ya wawili wanaoshika vizuri, baada ya miezi michache utashangaa. Halafu kuna nguo ya kwaya. Tangu 2019 serikali imetangaza masomo ya msingi ni bure, tusirudishe malipo kupitia kitenge cha kwaya. Nguo ya shule, bulu na nyeupe, inatosha. Na asiye nayo aimbe na nguo aliyo nayo.

Tatizo la pili ni kelele. Ndani ya koo la kila mtu kuna nyuzi mbili ndogo zinazogongana ili sauti itoke. Za mtoto wa shule ya msingi ni fupi sana, ni kama sentimita moja tu, na bado ni laini. Akiimba noti ya la ya katikati, zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Akilazimishwa kupiga kelele kila siku, zinavimba. Ikiendelea, zinaota vinundu vidogo, kama sugu kwenye mkono wa mkulima. Hapo sauti inakauka, mtoto anashindwa kuimba, hata kusoma kwa sauti darasani kunamchosha. Halafu tunasema ni mafua.

Viongozi wengine watasema: bila mikrofoni, na ngoma zinalia, watoto wasipokaza nani atawasikia? Nawaelewa. Lakini dawa si koo la mtoto. Punguzeni ngoma, ipigwe moja kwa mkono mwepesi. Wasogezeni watoto karibu na watu, wasimame pamoja. Watoto 30 wanaoimba kwa utulivu, maneno yakitamkwa vizuri, wanasikika kuliko 30 wanaopayuka kila mmoja kwa upande wake.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hatulioni. Mwalimu mwanaume anaanzisha wimbo pale panapomfaa yeye. Sauti ya mtoto haikai pale. Wimbo ukiwa chini sana, watoto wananguruma. Ukipanda kupita kiasi, wanapiga mayowe. Afadhali mama mwalimu au mwanafunzi mmoja mwenye sauti tulivu ndiye aanzishe. Na kabla ya wimbo, dakika tano za kuamsha sauti: kupumua taratibu bila kuinua mabega, kuguna wimbo midomo ikiwa imefungwa, kisha kupandisha kidogo kidogo. Mazoezi ya nusu saa yanatosha kwa wadogo. Kidumu cha maji safi kiwe karibu, na mazoezi yafanyike kivulini, mbali na moshi wa jikoni.

Tusiwasahau wavulana wakubwa. Kwa sababu ya kukimbia, wengi wako mwaka wa sita wakiwa na miaka 13, 14 au 15. Ni umri ambao sauti inavunjika: leo nyembamba, kesho nzito. Wenzao wanawacheka, kiongozi anawatoa. Ni kosa kubwa. Mvulana wa umri huo akitolewa kwenye kundi la wimbo, sote tunajua ni makundi gani yanamngojea njiani. Abaki, aimbe chini na kwa upole, au apige ngoma mpaka sauti yake itulie.

Wazazi nao wana kazi yao. Mtoto mwenye mafua au kikohozi apumzike, asiimbe wala asipige kelele. Hata kunong'ona sana kunachosha koo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili au tatu, apelekwe kituo cha afya. Akipumua kwa shida, asingojee hata siku moja.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule, kamati za wazazi na viongozi wa kwaya za kanisa, kwa kuwa watoto ni walewale. Jumamosi wana mazoezi, Jumapili wanaimba ibada nzima, Jumatatu wako kwenye bendera, na mgeni mkubwa akija wanasimamishwa juani kumngojea masaa mengi wakiimba. Kaeni pamoja, mpange siku, na siku moja ya wiki koo la mtoto lipumzike.

Na kesho asubuhi, kwenye bendera, mwalimu ajaribu kuwaambia watoto: «Imbeni vizuri, msikilizane.» Wimbo wa taifa utabaki uleule, na watoto watarudi nyumbani wakiwa bado na sauti.