Nywele Hazina Kosa

Miongoni mwa methali zetu ipo moja ambayo nimeisikia ikitumiwa vibaya kuliko zote. Ni ile isemayo, "Ukitaka uzuri sharti udhurike." Husemwa saluni, mama anapomshikilia kichwa binti anayelia kwa sababu dawa inamuunguza. Husemwa nyumbani, kitana cha moto kinapopita karibu na sikio na kuacha alama. Mimi nawaheshimu wahenga, na kwa miaka 38 niliwafundisha watoto methali zao. Lakini methali ni hekima inapokaa mahali pake. Ikiondolewa hapo, hugeuka fimbo ya kumchapia mnyonge.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza: mzee wa miaka 74, tena mwenye upara, anatafuta nini katika nywele za wanawake? Jibu langu ni fupi. Nimelea mabinti watatu, nimeongoza shule yenye mamia ya wasichana, na ninaishi Tanga. Hapa kwetu, kuanzia Desemba hadi Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, hewa huwa nzito kwa unyevu na fukuto halimwachi mtu usiku wala mchana. Ndiyo miezi ambayo vita ya nywele hupamba moto. Asubuhi binti ametoka nyumbani, nywele zimelala na zinang'aa. Adhuhuri zimevimba, zimetimka, na mwenyewe amenuna. Jumamosi anarudi saluni, na Jumatatu mambo ni yale yale. Lawama zote huziangukia nywele: ni ngumu, ni mbaya, hazisikii.

Ninachotaka kusema katika kurasa hizi ni kwamba nywele hazina kosa. Zinafanya kazi yake kama zilivyoumbwa. Kosa ni la yule anayezilazimisha kuwa kitu kingine, halafu akazitukana hewa ya Pwani inapozirudisha zilikotoka.

Tuanze na somo, kwa maana ugomvi usio na elimu ni kelele tu. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ndani yake mna vifungo vya namna mbili vinavyotuhusu hapa. Vya kwanza ni vya haidrojeni, navyo ni dhaifu: maji huvifungua, na ukavu huvifunga tena. Vya pili ni vya salfa, navyo ni imara: maji peke yake hayaviwezi. Kitana cha moto na draya hutegemea vile vifungo dhaifu. Ni kama khanga ya pamba uliyoipiga pasi. Ukiinyunyizia maji, mnyoosho unakwisha. Sasa hewa ya Tanga mwezi Februari ni maji yasiyoonekana kwa macho. Anayenyoosha nywele kwa moto asubuhi ya kaskazi kisha akatoka nje hana tofauti na anayepiga pasi khanga halafu akaianika mvuani.

Tena kuna jambo la pili. Unywele wa kipilipili ni bapa kidogo, nao hukua kwa kujizungusha. Mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele wa singa, lakini kwenye kipilipili hukwama katika kona. Ndiyo maana nywele zetu hukauka upesi. Na juu ya kila unywele kuna magamba membamba yaliyolaliana kama makuti juu ya paa. Makuti yakilala vizuri, mvua haipenyi. Moto na dawa kali huyainua na kuyavunja, na paa la namna hiyo huvuja. Basi unywele uliounguzwa ndio unaokunywa unyevu mwingi zaidi, ndio unaovimba zaidi, na ndio unaokatika. Msomaji ameshaona ninakoelekea. Tiba tunayoikimbilia ndiyo inayozidisha ugonjwa, na kila anayerudi kuchomwa nywele anarudi na paa bovu kuliko la juzi.

Atasema mwingine: "Mwalimu, mimi sichomi, mimi naweka dawa, na dawa hairudi." Ni kweli hairudi, na hapana budi tujue kwa nini. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zina sodiamu haidroksidi, ndiyo kostiki soda ile ile ambayo mtengeneza sabuni huishika kwa glavu. Nyingine zina kemikali za jamii hiyo hiyo. Kazi yake ni kuvunja vile vifungo vya salfa ambavyo hata mvua ya masika haiviwezi. Lakini nywele zinazoota upya ni kipilipili kama kawaida, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa kazi huanza upya, na dawa hugusa ngozi ya kichwa kwa mara nyingine.

Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za taifa nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 wenye umri wa miaka 35 hadi 74, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kwa wanawake ambao hawakutumia dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, ilikuwa asilimia 4.05. Sitaki kumtisha mtu. Uchunguzi huo haukusema kwamba kila atumiaye dawa ataugua, wala haukuhitimisha kuwa dawa ndiyo iliyosababisha saratani hizo. Lakini mtu mwenye akili akiona moshi huuliza kuna nini jikoni. Je, ni saluni ngapi ambamo mteja ameambiwa habari hii kabla ya kufungwa taulo shingoni?

Sasa niseme lililonitia uchungu hata nikashika kalamu. Mjukuu wangu wa miaka minane alipelekwa saluni moja hapa mjini ili awe nadhifu kwa harusi ya shangazi yake. Alirudi na lengelenge nyuma ya sikio. Lengelenge lilipona kwa juma moja. Kilichobaki ni swali aliloniuliza: "Babu, eti nywele zangu ni mbaya?" Nilimwambia si mbaya hata kidogo. Lakini neno la babu mmoja litashindana vipi na maneno ya mtaa mzima? Msusi amesema ni ngumu. Jirani amesema afadhali sasa anaonekana mtu. Mama yake mzazi, binti yangu niliyemsomesha mpaka chuo, alinijibu, "Baba, kaskazi hii hazichaniki, nifanyeje?" Nilimwelewa, maana uchovu wake ni wa kweli. Lakini mtoto wa miaka minane akishaamini kwamba kile alichozaliwa nacho ni kasoro, ataishi akijirekebisha maisha yake yote.

Wapo wanaopenda kuwatupia Wazungu mzigo wote huu. Mimi napenda haki. Ni kweli kwamba biashara ya kunyoosha nywele ilikulia Marekani, katika jamii ya Weusi waliotoka utumwani na kuambiwa kwamba sura yao ni aibu. Garrett Morgan, Mmarekani Mweusi wa mji wa Cleveland, ambaye mwaka 1923 alipewa hataza ya kifaa cha kuongoza magari barabarani, alikuwa ameanza kuuza krimu ya kunyoosha nywele miaka kadhaa kabla ya hapo. Lakini na sisi watu wa Pwani tujitazame. Tangu zamani tumekuwa tukisifu singa na kuicheka kipilipili. Hakuna Mzungu aliyetufundisha kumwambia bibi harusi kwamba "amebahatika nywele." Nyani haoni kundule.

Wala dawa ya jambo hili haimo katika amri. Oktoba 1968, nilipokuwa mwanafunzi, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi kuanzia Januari 1, 1969. Wanawake walisumbuliwa barabarani na vijana waliojifanya walinzi wa utamaduni. Mawigi leo yamejaa madukani, na mkorogo pia. Kichwa cha mtu hakibadilishwi kwa kumkimbiza mtaani. Mwanamke mtu mzima ana hiari yake, na akishaujua ukweli wote na bado akachagua dawa, mimi sina neno naye. Neno langu ni kwa wanaomficha ukweli huo, na kwa wanaomchagulia mtoto asiye na hiari.

Hapa nawageukia walimu wenzangu. Katika shule niliyoiongoza sheria ilikuwa moja kwa wote, wavulana kwa wasichana: nywele fupi. Sababu ilikuwa maji. Bomba lilikuwa moja na watoto wa bweni walizidi 300. Tuliwaeleza wazazi hivyo, nao wakaelewa. Lakini zipo shule ambamo mtoto mwenye singa huruhusiwa kuifunga mkia, na mwenye kipilipili huamriwa anyoe, kisha tunaambiwa ni usafi. Usafi gani huo unaoangalia mtoto kazaliwa na nani? Ikiwa sababu ni chawa, singa nayo hupata chawa. Ikiwa sababu ni muda, kufunga mkia na kusuka twende kilioni vyote vinahitaji muda. Sheria isiyoweza kutoa sababu mbele ya mtoto ni tusi lililoandikwa kwenye karatasi ya shule.

Wenzetu wamekwisha kuamka. Agosti 2016 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Pretoria, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kuambiwa kwamba nywele zao za asili si nadhifu. Mwaka 2019 jimbo la California lilikuwa la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kuzuia kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya nywele zake za asili. Sisi ambao karibu kila kichwa nchini ni kipilipili, bado tunabishana kama kipilipili ni unadhifu!

Nisije nikaambiwa kwamba nimelaumu bila kuelekeza. Kutunza nywele hizi katika fukuto si kazi ngumu, ila inataka utaratibu. Zioshwe kwa shampuu isiyo kali, zisisuguliwe kama sufuria. Zichanwe zikiwa zingali na maji, kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea kwenye shina. Anayechana kipilipili kavu kuanzia kwenye shina anatafuta kilio. Kisha zipakwe mafuta kabla hazijakauka, ili mafuta yazibe njia ya unyevu wa nje. Bibi zetu walitumia mafuta ya nazi bila kujua keratini ni nini. Mwaka 2003 watafiti wa India walionyesha kwamba mafuta hayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Baada ya mafuta, zisukwe mabutu makubwa, na usiku zifunikwe kwa kitambaa laini.

Na msuko wenyewe uwe wa huruma. Hapa siwatetei wasusi wa kienyeji kwa kila jambo. Msuko unaovuta mpaka macho yanakaza hung'oa nywele za kwenye paji, na ukirudiwa miaka mingi huacha upara usiopona. Kitu kuwa cha asili yetu hakukifanyi kuwa salama.

Baada ya hayo yote, siku ya kaskazi kali nywele zitavimba kidogo. Na zivimbe. Mlango wa mbao huvimba wakati wa masika, na sijaona mtu akiuita mlango mbaya. Atakayesema kwamba ofisi inataka unadhifu, nami namwambia nautaka pia. Nywele zilizooshwa, zikapakwa mafuta na kusukwa ni nadhifu. Bosi asiyeliona hilo ana tatizo la macho, na tatizo la macho halitibiwi kwa kuunguza kichwa cha mtu mwingine.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa sayansi waingize somo la nywele pale wanapofundisha protini. Kipindi kimoja kinatosha. Nawaomba wasusi wamweleze mteja kilichomo ndani ya kopo kabla ya kulifungua, na wakatae kuweka dawa kichwani mwa mtoto. Nawaomba akina baba wenzangu, ambao aghalabu hutoa fedha ya saluni bila kuuliza inakwenda kufanya nini, waulize. Na neno "mbaya" tuliondoe kabisa midomoni mwetu tunaposhika chanuo. Mtoto aliyekaa mbele yetu juu ya mkeka hawezi kuona kichwa chake mwenyewe. Anakiona kwa maneno yetu.