Wekundu wa Nywele Hauumi, Haraka Ndiyo Inayoumiza

Nimekuwa kimya humu kwa sababu ya TP, sasa nimerudi chuo na nina dukuduku langu. Leo sio mkopo wala siasa za serikali ya wanafunzi. Leo ni nywele. Na nyie kaka zangu msikimbie, mnahusika pia, mtajiona huko mbele.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Ukipaka rangi mwenyewe nyumbani, afu nywele zikatoka nyekundu au zikawa na ule wekundu wa shaba ambao hukuuomba, hatari sio wekundu wenyewe. Hatari ni haraka ya kuuondoa. Wekundu hauumi. Kinachoumiza ni kile tunachokimbilia kesho yake asubuhi: blichi ya pili, au piko.

Kwanza tujiulize kwa nini jambo hili linatukuta sana tukifika chuo. Mabinti wengi tuliosoma shule za serikali tumekaa na nywele fupi tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha sita. Miaka 7 jumlisha 6, ni miaka 13 ya kunyolewa. Siku tunapokuja chuo ndo mara ya kwanza tunakuwa na nywele za kwetu, na bumu la kwanza mkononi. Huku nyumbani Tarime mama zetu wanajua mafuta, wanajua kusuka, lakini boksi la rangi hawajalizoea. Kwa hiyo mwalimu wetu anakuwa picha iliyo juu ya boksi. Na picha ile ni ya mtu ambaye nywele zake hazikuanza nyeusi kama za kwetu.

Sasa niingie kwenye somo langu kidogo, msinichoke, mi ni mwalimu mtarajiwa wa kemia. Rangi ya nywele inatokana na melanini, na iko ya aina mbili. Moja ni ya weusi na kahawia, nyingine ni ya wekundu na njano. Nywele zetu zimejaa ile ya weusi, lakini hata ile nyingine imo ndani, imefunikwa tu. Ukipaka blichi, peroksaidi inaanza kuvunja ile ya weusi, na ile ya wekundu ni sugu zaidi, inabaki. Ndo maana nywele nyeusi haziendi moja kwa moja kwenye rangi ya dhahabu. Zinapita njia ile ile kila siku: nyeusi, kahawia yenye wekundu, nyekundu, chungwa, njano. Ukiishia njiani, unabaki na rangi ya kituo ulichoshukia.

Na hata kama hukupaka blichi, umepaka rangi ya kawaida ya boksi, mule ndani kuna peroksaidi vile vile. Inafanya kazi mbili: inaunganisha chembe ndogo za rangi ziwe kubwa ili zikwame ndani ya unywele, na wakati huo huo inapunguza weusi wako wa asili. Wiki ya kwanza unapendeza. Baada ya kuosha osha na kutembea juani, rangi ya boksi inapungua, na kinachobaki ni msingi wako uliopunguzwa. Wekundu huo unatokea hapo. Haukuletwa na boksi, ulikuwemo kichwani mwako siku zote.

Watu wa Nyamongo mtanielewa haraka. Dhahabu haitoki bila kuvunja mwamba. Nywele nazo, kila hatua ya kuzifanya nyeupe zaidi ni mwamba unavunjwa, na unywele ukishavunjwa haurudi. Kwa hiyo yule anayekwambia "rudia blichi mpaka wekundu uishe" anakwambia vunja tena ulichokwisha vunja jana.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike. Mwenzetu mmoja alipangiwa TP sekondari moja wilaya ya Serengeti. Alipaka rangi ya kahawia wiki mbili kabla, ikamtoka nyekundu ya kung'aa. Alipofika Mugumu siku ya Ijumaa, akaambiwa na watu aliofikia kwao kwamba mkuu wa shule akimwona hivyo Jumatatu atamrudisha. Hofu ikamshika. Jumamosi akaingia duka moja la vipodozi, muuzaji akampa piko, unga mweusi kwenye kifuko kidogo, hakuna maelezo, hakuna kiambato hata kimoja kilichoandikwa. Akaambiwa changanya, paka, kaa nayo. Jumapili jioni ngozi ya kichwa ilikuwa inawaka moto. Usiku masikio yakavimba, asubuhi macho hayafunguki. Jumatatu ambayo alikuwa anaiogopa ikamkuta kwenye kitanda cha hospitali, na wiki yake ya kwanza ya TP ikaenda hivyo. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mi nilipomwangalia nilijiuliza: nywele nyekundu zingemfanya nini kibaya kuliko hicho?

Piko nyingi zinazouzwa kwenye vifuko zina kemikali inayoitwa PPD, ndo inayotoa ule weusi wa haraka. PPD ipo pia kwenye rangi nyingi za boksi, lakini huko angalau imeandikwa na kipimo kinajulikana. Ulaya wameiwekea kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele iliyokwisha changanywa. Kwenye kifuko kisicho na maandishi wewe utajua ni asilimia ngapi? Na mzio wa PPD una tabia mbaya: unaweza kuipaka mara tatu usione kitu, ya nne ikakuvimbisha. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida hausahau maisha yako yote.

Kaka zangu, hapa ndo mnaingia. Wazee wetu wengi wanapaka piko kuficha mvi, nyumbani tunawaona. Afu baada ya wiki kadhaa za jua masharubu yanageuka rangi ya kutu, teh teh teh. Mzee anapaka tena, na tena. Hakuna anayemwambia ajaribu kwanza nyuma ya sikio asubiri siku mbili. Tunamheshimu sana kiasi kwamba tunaogopa kumwambia. Jamani, mwambieni.

Jambo la pili linalonikera ni maneno ya watu. Msichana akirudi Tarime na nywele nyekundu anaitwa majina. Mhuni, chuo kimemharibu, na kuna wengine wanasema ana nywele za utapiamlo. Hilo la mwisho naomba tuliache kabisa. Ni kweli mtoto mwenye kwashakoo nywele zake hubadilika zikawa na wekundu, na huo ni ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula cha kutosha. Sio utani wa kumrushia mtu sokoni. Halafu tukumbuke ng'ambo ya hifadhi wako Wamasai, morani anapaka udongo mwekundu kichwani na anaonekana mwanaume kamili. Yaani rangi ni ile ile, kinachobadilika ni nani kaivaa. Mi naona maneno haya ndo yanamsukuma mtu aingie dukani Jumamosi na kununua kifuko kisicho na jina.

Haya, kwa wale mlionipigia simu mkiniuliza "sasa nifanyeje?", nawapa ninavyojua.

Moja, subiri. Kama nywele zimetoka nyekundu leo, usiweke kemikali nyingine kesho. Zipe wiki mbili za mafuta na kondishena. Kama una haraka ya kikao au ya TP, kilemba kipo, kusuka rasta kupo, na kunyoa kupo pia. Tulikaa miaka 13 bila nywele na hatukufa.

Mbili, angalia ni wekundu gani. Rangi huzimwa na rangi inayoelekeana nayo. Nyekundu huzimwa na kijani, chungwa huzimwa na bluu, njano huzimwa na zambarau. Ile shampuu ya zambarau ambayo kila mtu hosteli anaazimana ni ya kuzima njano. Kwenye nyekundu haifanyi lolote, unamaliza hela bure.

Tatu, tafuta rangi ya majivu, sio kahawia yoyote tu. Kampuni nyingi zinaandika namba kwenye boksi. Namba ya kwanza inaonyesha giza, 1 ni nyeusi na 10 ni nyeupe sana. Namba inayofuata nukta au mkwaju inaonyesha mwelekeo wa rangi, na kwa nyingi 1 hapo ni majivu, 4 ni shaba, 6 ni nyekundu. Sasa mtu ana wekundu tayari anaenda kununua 5.4, utegemee nini? Hiyo ni kumwagia mafuta ya taa kwenye moto. Chagua yenye majivu, na giza lilingane na nywele zako za sasa au lizidi kidogo. Usijaribu kwenda kwenye weupe zaidi, maana rangi haitoi rangi nyingine. Na peroksaidi iwe ndogo, asilimia 3, sio 9 wala 12.

Nne, kama ulipaka hina usifanye lolote kabla ya kujaribu kwenye kishungi kimoja cha nywele. Hina safi inang'ang'ania, haitoki kirahisi. Na ile iliyochanganywa na chumvi za madini ikikutana na peroksaidi inaweza kuchemka na kukata nywele.

Tano, usichanganye na dawa ya kulainisha nywele wiki hiyo hiyo. Dawa ile ni kali, na nywele zilizopigwa blichi zikikutana nayo zinakatika kama nyasi kavu. Na Jik ni ya kufulia, sijui niseme mara ngapi. Ndimu na jua nazo zinaongeza wekundu, hazipunguzi. Kama unataka kitu cha jikoni, kahawa nzito ya kwetu Tarime, iliyopoa, unamimina kichwani unakaa nayo kidogo. Itafifisha kiasi, itatoka ukiosha, lakini haitakupeleka hospitali.

Najua kuna watakaosema hii ni mada ya watu wenye hela, watu wana shida za ada huku we unaongelea nywele. Mi naona ni kinyume. Mwenye hela zake akipata wekundu anaenda saluni kubwa, anakaa kwenye kiti, fundi anamrekebishia. Anayepaka kwenye beseni hosteli au uani Sirari ni yule asiye na hela ya saluni. Huyo ndo anauziwa kifuko. Na dada wa saluni ndogo anayepaka vichwa kumi kwa siku bila glavu, mikono yake imejaa michubuko, naye sio tajiri.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwa wenye mamlaka. Tangu 2019 vipodozi vimetoka TFDA vikawa chini ya TBS. Basi kazi ianzie kwenye vile vifuko visivyo na jina vinavyopangwa mezani siku za gulio na kwenye maduka ya mpakani. Na rangi yoyote ya nywele inayouzwa Tanzania iwe na maelezo ya Kiswahili, hasa ile sehemu ya kujaribu kwenye ngozi saa 48 kabla. Maboksi mengi niliyoshika yameandikwa Kiingereza na Kifaransa, na muuzaji mwenyewe hakuyasoma. La pili ni kwa walimu wakuu na wazazi wetu. Mkimwona binti ana nywele nyekundu, mwambieni mnachotaka kwa upole na mpeni muda. Siku mbili za vitisho ndizo zilizomlaza mwenzetu.

Mwenye kichwa chekundu sasa hivi hapa hosteli anajijua. Dada yangu, njoo chumbani kwangu kabla hujaenda dukani. Nina kahawa, nina vilemba vitatu, na nina muda mpaka Alhamisi. Ijumaa nina testi ya kemia viumbe, na huko mwenyewe naenda kuomba Mungu.

Nawasilisha.