Kinu cha Ghorofani

Mwandishi aliyedai ya kuwa mipango ya mji ni kazi ya wahandisi, na kwamba kamati za mitaa zitosheke na kuzibua mitaro, nadhani hajapata kupita Michenzani, Unguja, akatazama. Ramani ya mji ya mwaka 1968, iliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ilikuwa nadhifu, sikatai, na majumba yale marefu ya ghorofa yakalipasua eneo la Ng'ambo kwa mistari iliyonyooka. Lakini mama aliyezoea kutwanga uani na kupokea wageni barazani, nani alimuuliza kinu chake kitakaa wapi ghorofani? Ilmu ya rula haijui jeneza hupitishwa uchochoro upi, wala maji hutuama wapi siku za masika. Hao anaowatuma mitaroni wanajua.